Kanda ya Chiriku

Mimi ni mtu wa kadi. Kwa miaka ishirini na saba nimekaa kwenye meza ile ile, dirisha kushoto, droo za mbao kulia, nikiandika maneno ya watu wengine kwenye vipande vya karatasi ngumu. Ofisi yetu hutengeneza kamusi. Watu wakisikia hivyo hudhani tunashinda tukibuni maneno na kunywa chai. Chai tunakunywa, sikatai. Lakini kubuni hatubuni, na mtu akiniambia nimebuni neno tunagombana.

Kanuni yetu ni hii. Neno haliingii kwenye kamusi mpaka lisikike kinywani mwa mtu asiyelipwa na ofisi. Huyo tunamwita shahidi. Unamfuata alipo, unamwekea kinasa sauti mbele yake, unamwacha aseme. Ukirudi ofisini unasikiliza kanda na kuandika kila kitu kwenye kadi: maneno, vituo, kikohozi, kicheko. Kila kimoja kina alama yake. Kituo kifupi ni mkwaju mmoja, kirefu ni miwili, kicheko ni herufi mbili, ch, ndani ya mabano. Shahidi akipinga kadi, unarudi kwenye kanda, na kanda ndiyo hakimu. Asipopinga mtu, unairudisha kanda mwanzo, unachomoa kipaza sauti, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kuiacha irekodi ukimya mpaka mwisho wake, sauti ya zamani ifutike. Tulikuita kusafisha. Kanda zilikuwa chache na maneno mengi, na mhariri mkuu wetu alikuwa na msemo wake kwamba sauti hupita, mwandiko hubaki. Mhariri huyo tulimwita Nukta, kwa sababu nukta ikikosekana ukurasa wa mia tatu yeye hakupata usingizi.

Katika kazi hiyo sikuwa na mpinzani. Vijana walisikiliza kanda mara nne, mimi mara moja na nusu. Nukta, ambaye hakuwahi kumsifu hata mkewe, aliwahi kusema mbele ya watu kwamba mimi naweza kumsikia mtu akitabasamu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niliyabeba maneno hayo miaka mingi na kuyatoa kila nilipohitaji kujipendeza.

Mke wangu tulimwita Chiriku. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea, na akishaanza hakuwa na kituo, kifupi wala kirefu. Alikuwa opareta wa simu katika kiwanda cha sabuni. Kulikuwa na wafanyabiashara waliomjua kwa miaka kumi bila kumwona sura, na wengine walipiga simu kiwandani hali wanajua fika kwamba wanayemtaka hayupo. Nyumbani aliimba akikosha vyombo, aliimba akitafuta ufunguo, na alipokasirika aliimba kwa nguvu zaidi ili nijue. Nilikuwa nikimwambia, "Mama, hapa ni nyumbani, si mtini." Naye alinijibu, "Basi hamia droo mojawapo ukalale na kadi zako."

Sauti yake ilipoanza kukwaruza nilisema ni mafua. Baada ya miezi miwili nilisema ni vumbi la sabuni. Mwezi wa tano wateja wa kiwanda walianza kuuliza yule dada wa zamani kaenda wapi, na mimi, mwenye kusikia watu wakitabasamu, nilikuwa bado nachemsha tangawizi. Sikio la kufa halisikii dawa. Tulipofika kwa daktari wa koo ulikuwa mwezi wa saba. Alimtia kioo chenye mpini mrefu mdomoni, akatazama, akakitoa, akakifuta taratibu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatwambia bila kuzunguka. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imekaa kwenye kisanduku cha sauti chenyewe. Kisanduku chote kingetolewa. Angepumua kwa tundu shingoni.

"Na kusema?" Chiriku aliuliza.

"Mama, tunajaribu kuokoa uhai."

"Nimekusikia, daktari. Nimeuliza kusema."

Daktari alitazama kalenda ya ukutani. Akasema Alhamisi ya wiki inayofuata kuna nafasi. Tulishuka ngazi za hospitali tukiwa tumeshikana mikono, jambo ambalo hatukulifanya tangu binti yetu alipokuwa ananyonya. Chini kabisa akaniambia, "Furahi basi. Utapata kimya chako." Nikacheka, kwa sababu alitaka nicheke.

Wiki hiyo hiyo mezani kwangu kulikuwa na kadi moja tupu. Tulikuwa tunamaliza sehemu ya wanyama, na kwenye orodha ya wataalamu lilikuwapo neno la Kilatini, oscines, ambalo kwa sayansi ya leo ni kundi la ndege wenye misuli mingi kwenye kisanduku chao cha sauti, wale wanaojua kuimba. Kwa Kiswahili tulishasema ndege waimbaji. Lakini Nukta hakuridhika. Alitaka asili ya neno la Kilatini iandikwe, na alitaka shahidi wa hilo la kwetu, kama kawaida.

Asili yake niliitafuta katika vitabu vizito vya rafu ya juu. Wengi wanalipasua neno hilo vipande viwili. Cha mwisho ni canere, kuimba, na cha mwanzo ni ob, yaani mbele ya, kuelekea. Anayeimba mbele yako, akikuelekea wewe. Waaguzi wa Rumi ya kale waliwagawa ndege wa ishara mafungu mawili. Waliotoa ishara kwa mabawa, kwa jinsi walivyoruka, waliitwa alites. Waliotoa ishara kwa sauti waliitwa oscines. Kunguru alikuwa miongoni mwao, na bundi pia, kwa hiyo haikuwa habari ya utamu wa wimbo. Kabla ya jambo kubwa mwaguzi alinyamaza, akasikiliza nani analia na analia upande gani, kisha akasema twende au tusiende. Niliandika hayo kwa penseli kwenye karatasi ya kujaribia. Nilifurahi, kusema kweli. Nilikuwa na siku saba na nilifurahia neno.

Jumamosi binti yetu alipiga simu. Simu iliyokuwa karibu nasi ilikuwa kwa fundi cherehani wa ghorofa ya chini, na binti alikuwa na kawaida ya kupiga Jumapili saa nne asubuhi, kwa hiyo fundi alipotugongea Jumamosi tulijua telegramu tuliyompelekea juu ya maneno ya daktari imemfikia. Aliolewa mbali, nchi ya safari ya ndege mbili, na tumbo lake lilikuwa la miezi minane. Kusafiri walimkataza. Alilia na mama yake kwanza. Kisha akaniita mimi.

"Baba, ile mashine ya kazini kwako bado ipo?"

"Ipo."

"Mrekodi mama. Chochote. Mtoto wangu asije akakua hajui bibi yake alikuwa anasikikaje. Nimekuomba mara ngapi kitu, Baba?"

"Mara moja," nilimwambia, na ilikuwa kweli. Hata mahari yake hakutaka tubishane.

"Basi hii ndiyo ya pili."

Niliahidi. Nikamfuata Nukta nyumbani kwake siku ile ile, akiwa na taulo begani, nikamweleza. Alisikiliza akiangalia miguu yake. Akasema nichukue kinasa sauti na kanda moja, kanda iwe yangu moja kwa moja, ofisi haitauliza. Akahamishia taulo bega la pili. "Na kama atasema neno juu ya ndege," akasema, "utakuwa umepata shahidi wako." Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Jumapili mchana nilifunga madirisha ya barabarani, nikaacha lile la uani. Niliweka kitambaa juu ya meza ili isigonge, na kinasa sauti juu ya kitambaa. Chiriku alitoka chumbani amevaa hereni.

"Kanda haioni hereni," nilisema.

"Mimi nitajua nimezivaa."

Akakaa. Nikabonyeza vitufe. Kanda ikaanza kuzunguka, na mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikosa la kusema alikaa akikitazama kipaza sauti kama deni. Dakika nzima ilikwenda. "Niseme nini?" akanong'ona. Hili hutokea kwa kila shahidi, na dawa yake naijua. Usimwambie aseme chochote, muulize kitu kidogo. Na usimtazame usoni, maana watu hutahayari. Mimi hukitazama kile kidirisha chenye mshale unaorukaruka kwa sauti, na shahidi akiona hatazamwi hufunguka. Nikaelekeza macho kwenye mshale nikamuuliza, "Ndege wale wa asubuhi pale uani, unawaitaje?"

"Ndege waimbaji," alisema, "wewe ungewaitaje, mafundi bomba? Leo ndege waimbaji wameamka kabla yangu. Zamani nilikuwa nawatangulia."

Akaanza. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu, yenye michirizi, na kila sentensi ya tatu ilimpotea njiani akaifuata kwa kikohozi. Lakini alikuwa ni yeye. Alimsemesha yule mtoto ambaye hajazaliwa. Alimwambia jina la Chiriku lilitoka wapi. Alimwambia habari ya mteja mmoja wa kiwandani aliyemposa kwa simu wakati yeye ana mimba ya binti yetu, na jinsi alivyomuunganisha yule bwana na idara ya malalamiko. Alimwambia, "Sauti hii unayoisikia si yangu, mjukuu wangu, yangu ilikuwa nzuri. Muulize babu yako. Ila usimuulize sana, yeye ni mtu wa kuandika vikohozi vya watu." Aliimba kidogo kitu cha kulazia mtoto, alichokuwa akikitunga mwenyewe na kukibadilisha kila siku, akaishia katikati kwa kukosa pumzi.

Nilimweleza habari ya waaguzi wa Rumi, ili apumzike. Nilimweleza kunguru naye alihesabiwa.

"Kunguru mwimbaji? Basi hata wewe una matumaini."

Kanda ikaendelea kuzunguka. Nilikuwa nimeinama juu ya mshale.

"Hao waaguzi wako," akasema, "wangenisikia mimi leo, wangesema nini? Twende au tusiende?"

Shahidi hajibiwi, ni kanuni. Mshale ukaruka mara tatu, mifupi mifupi, sauti ya pumzi inayokatika. Nikajua anacheka. Nami nikatabasamu nikiwa nimeinama, nikaona amepiga moyo konde kuliko mimi. Baadaye akasema, "Haya basi. Mwambie mama yako akuimbie. Mimi nimemaliza." Nikasema lile tunalowaambia mashahidi wote, "Asante kwa ushahidi wako," nikazima. Alikuwa ameshanyanyuka kwenda kufungua madirisha.

Alhamisi walimchukua saa mbili asubuhi. Kabla hawajamsukuma mlangoni aliniita kwa kidole, nikainama, nikatega sikio. Akaninong'oneza, "Umezima jiko?" Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kinywani mwake, na nilikuwa nimelizima.

Nilikaa kwenye benchi mpaka saa tisa alasiri. Walisema imekwenda vizuri. Sikuruhusiwa kumwona. Nilirudi nyumbani nikalala chali nimevaa viatu, bila kulala usingizi, na Ijumaa asubuhi, kwa kuwa kuonana na wagonjwa kulianza saa kumi jioni, nilikwenda ofisini. Kanda ilikuwa mfukoni. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nichukue kwenye kanda ushahidi alioutaka Nukta, niandike kadi ya ndege waimbaji, kisha niifunge kanda kwa karatasi nzuri na kuipeleka posta njiani kuelekea hospitali.

Nilivaa visikizi. Nilinoa penseli mbili. Na hapo nikapata kitu ambacho sikukipata kwa wiki nzima, nikatulia. Masikio yalijua kazi yake na mkono ulijua kazi yake. Sikuandika kadi moja, niliandika kumi na nne. Niliandika kila neno, kila kituo. Pale wimbo ulipokatika niliweka mikwaju miwili. Pale alipouliza habari ya waaguzi niliandika swali lake lote, nikafuatisha na alama ya kicheko mara tatu, (ch) (ch) (ch), kwa mwandiko wa wino ambao Nukta angeweza kuutundika ukutani. Nakumbuka niliwaza kwamba Kilatini chote ni hivi hivi, watu walisema na ndege wakalia na waaguzi wakasikiliza, na leo hatuna hata pumzi yao moja, tuna kadi tu. Niliwaza hivyo kwa utulivu, kama mtu anayewaza habari ya jirani.

Nilipofika "Mimi nimemaliza" niliweka nukta. Nikazipanga kadi, nikazigonga mezani zilingane kingo. Nikairudisha kanda mwanzo. Nikachomoa kipaza sauti. Nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nikaenda kunywa chai.

Chai ilikuwa ya moto. Mpiga chapa wetu, mama mmoja mwenye moyo mzuri, alinikatia mkate wake akaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia vizuri. Nikakaa naye nusu saa, na nusu saa ndiyo urefu wa upande mmoja. Niliporudi mezani kitufe kilikuwa kimekwisha kuruka chenyewe, kwa kishindo kile kidogo ninachokijua. Nikaitoa kanda, nikachukua kifutio kufuta jina la shahidi kwenye kibandiko, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimekwisha kufuta herufi tatu. Lililobaki lilisomeka riku.

Nilivaa visikizi nikasikiliza nusu saa nzima, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kulikuwa na mvumo tu. Nikageuza upande wa pili, ambako kulikuwa na fundi seremala wa miaka mitatu nyuma, naye nilikuwa nimemsafisha vizuri. Nikarudi upande wa kwanza nikaongeza sauti hadi mwisho. Mpiga chapa aliniambia baadaye kwamba alisikia mtu akipiga meza kwa kiganja, taratibu, akadhani ni mafundi wa paa. Maji yakimwagika hayazoleki, kila mtu anajua, lakini mimi nilikaa pale nikiyazoa mpaka saa tisa na nusu.

Saa kumi niliingia wodini. Alikuwa ameegemezwa mito, shingo imefungwa bandeji nyeupe yenye kibomba katikati, na kila pumzi ilitoka pale kwa mluzi mwembamba. Walikuwa wamempa daftari la shule na penseli. Aliponiona aliandika haraka, kama mtu aliyesubiri zamu yake kwenye foleni, akaligeuzia daftari kwangu.

Kanda umetuma?

"Nimetuma," nilisema.

Akafumba macho. Uso wake ulilegea wote. Nikamshika mkono nikautazama ukuta, na sikuwa na uso wa kuangalia kingine.

Kadi nilizinakili, nikamtumia binti nakala pamoja na barua. Katika barua niliandika kwamba kanda itafuata. Kwa nini niliandika hivyo sijui. Labda nilidhani mimi si mtu wa kufanya jambo kama lile, na kwa hiyo halikufanyika. Kadi zenyewe niliziweka kwenye mfuko wa shati, nikatembea nazo. Moja, ya ndege waimbaji, nilimpelekea Nukta. Aliipunguza, kama ilivyo desturi, akabakiza sentensi moja ya mfano, na ipo kwenye kamusi mpaka leo: leo ndege waimbaji wameamka kabla yangu.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Jumapili ya tatu baada ya hapo, saa nne asubuhi, fundi cherehani alitugongea. Chiriku alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Tulishuka polepole, yeye na daftari lake kifuani, kitambaa chepesi kikiwa kimefunika tundu. Fundi akasimamisha cherehani, akatusogezea viti viwili, akatoka nje kwa adabu. Nilikishika kile chombo cha simu katikati yetu na tukaegemezana vichwa ili wote tusikie. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya siku zote, ila zamani mimi ndiye niliyekuwa sisemi.

Binti alitusalimu. Akamwambia mama yake habari za mtoto, uzito wake, nywele zake, bila kungoja majibu, na mama yake alikuwa akigonga chombo kwa ukucha, mara moja kwa kila sentensi, kuonyesha amesikia. Kisha akasema, "Baba, barua yako imefika. Kadi nimeziona. Mwandiko mzuri kama kawaida. Kanda iko wapi?"

Majuto ni mjukuu, husemwa, huja baadaye. Yangu yalikuja na mjukuu mwenyewe, nilimsikia akilia huko nyuma.

"Kanda niliifuta," nilisema.

"Umesema?"

"Nilipomaliza kuandika niliisafisha. Kwa mazoea. Sikukusudia. Niliisafisha, mwanangu, haipo."

Ukucha uliacha kugonga. Kichwa cha mke wangu kiliondoka kwenye chombo cha simu. Sikumtazama. Kwenye meza ya fundi kulikuwa na suruali moja isiyo na mguu wa pili, nikaitazama hiyo. Niliposikia binti yangu anaanza kusema upande wa pili wa simu nilijiandaa kwa lolote. Lakini yeye ni mtoto wa mama yake.

"Zisome basi," alisema kwa sauti iliyokwisha kuchoka. "Kadi unazo? Nitamwekea mtoto sikioni. Zisome wewe."

Nilizitoa mfukoni. Zilikuwa zimejikunja kwa jasho. Nikaanza kusoma. Nilisoma habari ya jina la Chiriku na habari ya bwana wa idara ya malalamiko. Sina sauti mimi. Nilisoma kama ninavyosoma kwenye kikao, kituo kifupi kwa mkwaju mmoja, kirefu kwa miwili. Wimbo niliusoma, sikuuimba. Nilifika kwenye waaguzi. "Wangenisikia mimi leo, wangesema nini? Twende au tusiende?" Nikasoma hapo na alama, kwa kuwa alama nazo husomwa. "Anacheka. Anacheka. Anacheka."

Mkono wa mke wangu ulikuja ukazichukua kadi kutoka kwenye vidole vyangu. Aliilaza ile ya juu kwenye meza ya fundi, kando ya ile suruali, akashika penseli yake. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na ule uso wa kiwandani, wa kumwambia mtu kwamba namba aliyoipiga siyo. Akaikata alama ya kwanza. Akaikata ya pili, na ya tatu. Juu yake, kwa herufi za mtoto wa shule, akaandika: nilikuwa nalia.

Mluzi wa pumzi yake ulikuwa unaingia na kutoka. Niliitazama kadi, nikamtazama yeye, nikaurudisha ule mshale kichwani, unaruka mara tatu, mifupi mifupi. Ungeweza kuwa hivi. Ungeweza kuwa vile. Miaka ishirini na saba, na nilikuwa kwenye kiti cha mbele yake.

"Baba?" binti aliita. "Mbona umenyamaza? Endelea."

Shahidi alikuwa amepinga kadi, na kanuni naijua: unarudi kwenye kanda.